Kalamu na kayamba: shajara ya mradi wetu na vijana walio mahabusu, Malindi

Mapema Februari

Kibali kimetoka. Kuanzia wiki ijayo tutakuwa tunaingia kila Jumatano, saa nane hadi saa kumi alasiri. Tuko watatu: mimi kwa upande wa uandishi, kaka mpiga gitaa anayejulikana kwenye mahoteli ya Casuarina, na mzee wa kayamba kutoka upande wa Magarini, ambaye vijana wengi wa vikundi vya ngoma huko wamepita mikononi mwake.

Kituo hatutakitaja jina humu. Watoto hatutawataja majina, wala vijiji, wala kesi. Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha ya mtoto aliye na kesi, na hata isingekuwepo tusingefanya vinginevyo. Kila atakayenukuliwa ameridhia na amejichagulia lakabu.

Barua ya maombi ilitugharimu muda. Tuliegemea Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990. Ibara hiyo inampa mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki utamaduni na sanaa. Tukaongeza kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru, ambazo nazo zinataka wawe na muda wa burudani na kazi za sanaa. Niliyaweka hayo mbele makusudi. Mara nyingi muziki na uandishi mahali kama hapa huchukuliwa kama peremende ya kumtuza mtoto aliyetulia. Sisi tunaingia kwa sababu ni haki yao, yule mtulivu na yule anayerusha viti sawasawa.

Jambo la pili tulilokubaliana kabla ya kukanyaga ndani ni hili, nalo ndilo litakalotuongoza: hatutamuuliza mtoto yeyote kilichomleta.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, wameshaulizwa vya kutosha. Polisi ameuliza, afisa wa watoto ameuliza, afisa wa probesheni ameuliza, hakimu naye atauliza. Mtoto wa miaka 14 ameshasimulia kisa chake mara nyingi hata kimekuwa kama si chake tena. Ya pili ni ya kisheria. Hawa wako mahabusu, hawajahukumiwa. Karatasi yenye maelezo ya mtoto juu ya usiku fulani na duka fulani inaweza kumletea balaa kesi ikiitwa. Anayefundisha waliokwisha hukumiwa ana nafasi ya kuwaambia waandike yaliyopita, ingawa hata yeye ana haja ya kufikiria mara mbili. Sisi hatuna nafasi hiyo.

Katikati ya Februari

Darasa lina madawati ya mbao, ubao mweusi na madirisha mapana upande wa barabara. Daftari tulizopeleka zimeshonwa kwa uzi, hazina pini wala waya. Penseli zinahesabiwa tukiingia na zinahesabiwa tukitoka, na mlezi wa zamu husaini. Utaratibu huo haunikeri. Tumeufanya kuwa kazi ya watoto wenyewe: kila juma mmoja wao ndiye mtunza penseli, naye hujivunia hesabu yake ikikamilika.

Zoezi la kwanza: fumbeni macho, msikilize nje, kisha muandike mnachosikia. Hakuna zaidi. Mwanzo palikuwa na vicheko na kupigana vikumbo. Kisha darasa likanyamaza, na kalamu zikaanza kwenda. Wakaandika honi, kuku, adhana, boda inayokataa kuwaka, mama anayemgombeza mtu ng'ambo ya ukuta.

Sikuwaambia habari za vina siku hiyo. Lakini mmoja, aliyejiita Kozi, aliniuliza kama anaweza kuyapanga "yaende kama ya redioni". Tukakaa naye pembeni. Nikamwonyesha namna ya kuhesabu mizani kwa vidole, 8 kila kipande, 16 kwa mshororo. Alishika kwa dakika chache kile ambacho nimeona wanafunzi wa sekondari wakihangaika nacho muhula mzima. Juma lililofuata alinipa ubeti huu, na ameruhusu niuweke:

*Honi ya basi yalia, laelekea mjini,*
*Muuza samaki pia, kengele i mkononi,*
*Nami hapa natulia, nahesabu akilini,*
*Dunia yajipitia, mimi niko dirishani.*

Mshororo wa mwisho ulinikaa kifuani njia nzima ya kurudi. Hakuna mahali popote alipotaja kosa, mahakama wala majuto. Lakini anayetaka kujua kufungiwa ni nini akiwa na miaka 15, amsome Kozi.

Wako wasiojua kuandika. Baadhi yao waliacha shule darasa la tatu au la nne. Nilihofia wangejitenga, basi nikawapa kisa cha Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu 1840. Mashairi yake mengi yalibaki vifuani mwa watu, hadi mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyaandikisha. Kwa hiyo kutunga ni kazi moja na kuandika ni kazi nyingine. Sasa asiyeandika anatunga na mwenzake anamwandikia, halafu mwandishi anasoma kwa sauti na mtungaji anasahihisha. Mabishano ya hapo ni matamu: "Sikusema 'nyumba', nimesema 'banda'. Rudisha banda langu!"

Ramadhani

Tumehamia asubuhi, maana mchana wengi wana swaumu na joto la kaskazi halijaondoka. Gitaa limeruhusiwa, lenye nyuzi za nailoni. Kaka wa gitaa amewapanga wapige sauti tatu tu na kuzirudia mpaka mkono uzoee. Wanaotaka rapu hawana haja ya biti ya kompyuta. Mmoja anapiga dawati, mwingine anatoa besi kwa mdomo, na mistari inatiririka. Simu haziingii na sisi hatukuomba ziingie.

Tumeanza jambo tuliloliiga kwa wenzetu wa mbali. Huko San Francisco, Marekani, kuna mradi uitwao The Beat Within ambao tangu 1996 unaendesha warsha kwenye mahabusu za vijana na kuchapa kazi zao. Kinachonivutia zaidi kwao ni kwamba kila anayeandika hujibiwa kwa maandishi. Basi nasi tunajibu. Kila Jumanne usiku nakaa na daftari zile na kumwandikia kila mmoja mistari michache chini ya kazi yake. Nimejiwekea sharti: nisiandike "hongera" wala "endelea hivyo hivyo". Lazima nitaje neno au mshororo wake niliosimama nao, na nimuulize swali moja linalohusu kazi yenyewe. *Umesema mto ulikuwa na rangi ya chai. Chai ya rangi au ya maziwa?* Jibu lililokuja lilikuwa nusu ukurasa juu ya Sabaki unavyoingia baharini wakati wa mvua na kuitia wekundu ghuba nzima, na wavuvi wanavyojua pa kutupa nyavu kwa kuangalia mpaka wa maji mawili. Mtoto huyo alikuwa haandiki zaidi ya mistari miwili.

Kabla ya kuanza kusoma daftari zao niliwaeleza mpaka uliopo, nao nauweka hapa kwa yeyote anayepanga kazi kama hii. Daftari ni mali ya mtoto. Ofisi imekubali kwamba walezi hawatazisoma. Lakini nikikuta mtoto ameandika kwamba mtu anamdhuru, au kwamba yeye mwenyewe anataka kujidhuru, sitalificha, nitalipeleka kwa mshauri nasaha, na yeye atakuwa wa kwanza kujua kwamba nalipeleka. Walisikiliza kimya. Mmoja akauliza, "Na tukiandika matusi?" Nikamwambia matusi hayana wa kupelekewa, ila yatahesabiwa mizani.

Mwingine aliuliza swali lililonifanya nikae chini: mtu akishafungwa, anaweza kuitwa mshairi? Nikawaambia habari za Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa 1969 kwa kuandika waraka wa kuikosoa serikali akakaa ndani miaka mitatu, na mashairi aliyoyatunga gerezani, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yakachapwa kuwa diwani 1973. Sikulinganisha kesi yake na zao. Nilitaka tu wajue kwamba mashairi hayo yanasomwa hata leo, na yalitungwa mahali penye kufuli.

Mwisho wa Machi

Juma la kayamba. Nitaliandika kwa urefu kwa sababu sijaona darasa likifanya kazi namna ile.

Mzee, ambaye watoto wote sasa wanamwita Babu, alikuja na mzigo wa mabua makavu ya matete, kamba za mkonge na vijiti vya fremu, vyote amevikata nyumbani kwake ili pasihitajike kisu ndani. Aliyapanga mabua safu moja, akaonyesha jinsi ya kuyafuma kwa kamba bua kwa bua, juu, chini, juu, mpaka yawe kama jamvi dogo. Kisha safu ya pili. Kati ya safu hizo mbili ndipo zinapokaa mbegu.

Hapo pakawa na kazi. Mbegu zilizozoeleka ni zile nyekundu zenye doa jeusi, za mturituri. Zina mlio safi mno, na zina sumu kali ikiwa mtu atazitafuna. Babu mwenyewe ndiye aliyezikataa kabla ofisi haijasema neno. "Hizi nimeziacha kwangu. Hapa tutatafuta nyingine." Akafungua vifuko vitatu: mtama, mbaazi na pojo.

Alasiri nzima ikaenda kwenye kusikiliza. Kayamba tatu, mbegu tatu, watoto wamefumba macho kama siku ile ya kwanza. Mtama ulitoa sauti nyembamba ya mvua ya mbali, wakaukataa kwa sababu ngoma ikianza hausikiki. Mbaazi ziligonga kwa vishindo, wakasema "hii inagomba". Pojo ikawa katikati, kavu na nyepesi, na inakata inapotakiwa kukata. Wakapiga kura, pojo ikashinda. Kisha wakaanza kubishana kiasi: konzi moja au mbili? Ukijaza sana mbegu hazina pa kukimbilia, mlio unakufa. Ukipunguza sana zinachelewa kufika upande wa pili na mwendo unakuvunjikia. Kijana mmoja mpole, ambaye hadi hapo hakuwa ameandika wala kuimba, alichukua kayamba akalitega sikioni, akatoa pojo kidogo, akalitega tena, akaongeza punje chache. Alirudia hivyo bila kumwangalia mtu. Alipomkabidhi Babu, Babu alilitikisa mara moja akasema, "Hili ni lako. Usimpe mtu alifungue."

Kijana huyo sasa ndiye fundi wa kituo. Amejiita Pojo.

Kupiga nako kuna siri yake. Mkono haupigi juu na chini. Unalaza kayamba huku na huku ili mbegu zote ziteremke pamoja, na vidole gumba vinagonga kwa nyuma pale mdundo unapotaka nguvu. Walipoanza kulaza kwa pamoja, mlezi wa zamu, mama mtu mzima wa Kigiriama, alisimama mlangoni akaanza kutikisa mabega. Watoto walipiga kelele za furaha. Tangu siku hiyo zamu yake ikiwa Jumatano huja mwenyewe na kiti.

Aprili

Shirika moja lilitupa ahadi ya fedha za ala na kinasa sauti. Masharti yao yalikuwa picha za watoto, walau kwa nyuma au zenye nyuso zilizofifishwa, na "simulizi za mabadiliko": mtoto aeleze alivyokuwa kabla na alivyo sasa. Tumekataa. Mtoto anayetambulika kwa shati, kovu au mwendo ametambulika. Na mtoto ambaye kesi yake haijasikizwa, kumwambia aeleze alivyokuwa mbaya ni kumhukumu kwa mlango wa nyuma. Gitaa letu moja linatosha kwa sasa.

Wasichana ni wachache na wana kipindi chao. Hawataki rapu. Wanaimba za vugo na chakacha walizozisikia kwenye harusi za nyumbani, wakizitilia maneno yao. Nimeingia nikiwa msikilizaji zaidi kuliko mwalimu.

Mei, masika

Wanaondoka. Hili ndilo linaloutofautisha mradi wa mahabusu na wa mahali pengine. Mtoto anakwenda mahakamani Jumatatu asubuhi na harudi: amepewa dhamana, au kesi imefutwa, au amekabidhiwa kwa wazazi, au ameamriwa aende borstal, yaani taasisi ya kurekebishia vijana, ya Shimo la Tewa. Hakuna kuagana. Jumatano unakuta dawati tupu.

Tangu mwanzo tulipanga kwa kulijua hilo. Kila kipindi kinaanza na kumalizika siku hiyo hiyo, na mtoto anatoka na kitu kilichokamilika, hata kama ni mshororo mmoja. Hakuna kozi ya sura kumi wala cheti cha mwisho ambacho wengi wasingefikia. Daftari hukaa ofisini kwenye bahasha pamoja na vitu vya mtoto, viatu vyake, mkanda wake. Siku akiitwa kuondoka, bahasha inatoka naye bila kutusubiri sisi. Ofisi imelisimamia hili vizuri sana na nawashukuru kutoka moyoni.

Kozi ameondoka. Aliacha ubeti wa pili wa shairi lake ubaoni, mishororo mitatu, wa nne haupo. Walibishana kama waumalizie. Pojo, ambaye huongea kwa nadra, alisema wauache, kwa sababu "wa nne anao yeye". Ubao ule haujafutwa upande wa kulia. Mwalimu wa hesabu anaandika kushoto.

Kazi kubwa ya mwezi huu ni wimbo wa Mekatilili wa Menza. Ndio walioutaka, kwa sababu sanamu yake wanaijua, iko hapa mjini. Nikawapa historia: jinsi alivyozunguka 1913 akiwahamasisha Wagiriama wasikubali kodi na kazi za kulazimishwa za Waingereza, akiwakusanya watu kwa kucheza kifudu, jinsi alivyokamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola na kupelekwa Kisii, mwisho mwingine wa nchi, na jinsi walivyotoroka 1914 wakarudi Pwani kwa miguu.

Mnaona ugumu ulipo. Wimbo wa mtu aliyetoroka kifungo, unaimbwa na watoto walio ndani. Nilikwenda kwa meneja mwenyewe kabla ya mtu mwingine kwenda. Alinisikiliza, akaomba asome maneno. Waliyoyaandika watoto hayana kutoroka hata kidogo. Ni wimbo wa kutembea: alikula nini, alilala wapi, ni nani aliyempa maji, alijuaje kwamba amekaribia nyumbani. Kibwagizo ni:

*Njia ndefu, mguu mwepesi,*
*Mekatilili yuaja!*

Meneja aliomba tubadilishe kitu kimoja tu, kwamba wimbo uimbwe mbele ya walezi wote na si darasani peke yake.

Babu hakukubali tupige kifudu. Alisema kifudu kina wenyewe, kina mama, na kina mahali pake; vijana hawakichukui tu kwa kuwa kimewapendeza. Akawapa mwanzele badala yake. Walinung'unika kidogo, kisha wakaheshimu. Mimi nimeona hilo kuwa somo zito kuliko yote niliyoyatoa: kwamba ngoma nayo ina adabu zake, na wao, ambao watu wengi wamewavunjia heshima, wanaweza kuombwa waheshimu kitu na wakaweza.

Juni

Tumerekodi. Kinasa sauti kidogo, cha kuazima, kikakaguliwa mlangoni kwenda na kurudi. Sauti tu, hakuna sura, na lakabu ndizo zilizosomwa. Kusi inavuma na madirisha yalibidi yafungwe, kwa hiyo ndani palikuwa tanuri. Walirudia mara nyingi bila kulalamika, maana Pojo alikuwa akisimamisha kila kayamba linapochelewa.

Niliwaambia kabla ya kuanza habari za gereza la Zomba, Malawi, ambako wafungwa na askari wao walirekodi nyimbo, na albamu yao ikateuliwa kuwania tuzo za Grammy za 2016. Walitaka kujua kitu kimoja: kama waliruhusiwa kuisikia redioni wakiwa ndani. Ndicho walichokitaka wao pia. Si tuzo, ila kusikia. Kwa hiyo Jumatano ijayo tutaleta spika na watausikiliza wimbo wao uwanjani, wote, pamoja na wasichana na walezi. Hatutauweka mtandaoni. Kila mwenye sauti humo atakapokuwa mtu mzima na kesi yake imekwisha ataamua mwenyewe.

Baadhi ya waliorekodi walishaondoka kabla ya juma hilo kwisha. Nakala zao ziko ofisini na walezi wamekubali kuwapigia wazazi.

Linalonikosesha usingizi sasa ni baada ya geti. Ndani tuna darasa, tuna ratiba, tuna mama wa Kigiriama na kiti chake. Nje, mtoto anarudi mtaa ule ule, na Jumatano ni siku kama nyingine. Babu amesema yeyote atakayetoka, awe mvulana au msichana, afike kwake Alhamisi jioni kwenye mazoezi ya kikundi chake, hakuna atakayemuuliza ametoka wapi, na chakula kipo. Kozi ameshafika. Alikuja na daftari lake, na Babu ananiambia amepewa kazi ya kutunga maneno ya ngoma ya harusi, na kwamba anawasumbua wazee wa watu kwa mambo ya mizani.

Tatizo ni nauli. Kwa mtoto anayeishi Malindi mjini, kwenda Magarini na kurudi kila juma ni fedha ambayo nyumbani kwao inanunua unga. Tunatafuta mtu mwenye matatu ya njia hiyo atakayekubali kuwabeba Alhamisi, nasi tumlipe kwa mwezi. Wawili wameahidi kufikiria. Nitakwenda stendi tena Jumamosi asubuhi, kabla magari hayajajaa.